Nyumba Isiyo na Parseli

Nilipewa ufunguo kabla sijaonyeshwa mashine. Asubuhi hiyo, mwanzoni mwa miaka ya sabini, niliingia katika gereji ya huduma ya barabara hapa Bunia nikiwa na suruali ya kuazima na maneno mengi niliyoyapanga kichwani kuhusu injini za dizeli, maana nilikuwa nimetoka kuwa msaidizi wa fundi kwenye shamba la kahawa upande wa Mahagi. Shefu wa brigadi alikuwa mzee mfupi, mkavu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusema juu ya ngurumo za mashine. Hakuniuliza lolote kuhusu dizeli.

“Uko na bibi?” aliuliza.

“Niko naye, Shefu. Iko kwanza kwa baba yake, Mahagi.”

“Na parseli?”

“Parseli bado.” Kiwanja cha kujenga mjini sikuwa nacho.

“Basi usijisumbue kutafuta. Nyumba yako iko ile.”

Alinipa ufunguo, akanyoosha kidole kwenye ruloti iliyoegeshwa karibu na mapipa ya mafuta. Kwa wale ambao hawajaiona, ruloti ni chumba cha mbao na bati kilichojengwa juu ya magurudumu, chenye ndoano mbele ya kukifungia nyuma ya lori. Ile yangu ilikuwa ya njano iliyochujuka, yenye madirisha mawili madogo, kitanda cha chuma, meza ya kukunjia ukutani na sanduku la vifaa. Ilinuka grisi na panya. Niliingia, nikaketi kitandani, nikamwaza baba mkwe, ambaye nilimwahidi kwamba binti yake nitamweka katika nyumba ya mjini. Niliona aibu. Hiyo ndiyo aibu ya mwisho niliyoiona kwa sababu ya ruloti, na nasema hivyo nikijua kwamba wako watu hapa Bunia ambao mpaka leo wanangoja nione nyingine.

Jina langu ni Ukumu. Nimeendesha niveleuse maisha yangu yote ya kazi, mashine ndefu yenye kisu kikubwa chini ya tumbo, ile ambayo jirani zetu wa Uganda huiita greda. Nitaeleza kazi ilivyokuwa, kwa sababu siku hizi kijana akiona barabara mbovu anadhani iliumbwa hivyo.

Barabara ya udongo lazima iwe na mgongo. Katikati iwe juu, pembeni iwe chini, ili maji yakianguka yakimbilie mitaroni. Ikikosa mgongo, mvua ya kwanza tu inaigeuza kitanda cha mto. Kazi ya kisu ni kukwangua udongo ulioenda kandokando na kuurudisha katikati. Dereva mbaya anakwangua bila kupima, anaiacha barabara chini kuliko mitaro yake, na hapo hata malaika hawezi kuikausha. Mimi nilijifunza kupima kwa makalio. Kiti cha niveleuse kikiegemea kidogo tu upande mmoja, nilijua kisu kimezama.

Brigadi yetu ilikuwa niveleuse, lori, tangi la maji na ruloti. Tuliondoka Bunia tukisawazisha, tukapita Bogoro, tukateremka mlima mpaka Kasenyi kwenye ziwa, kisha tukageuka. Tulipofika Kasenyi, upande wa Bunia ulikuwa umeshaanza kuharibika, kwa hiyo kazi haikuwa na mwisho wala dereva hakuwa na sababu ya kuwa na nyumba mjini. Mitaro ilichimbwa na wanaume wa vijiji, kila kijiji na kipande chake cha barabara. Nilishuka mara nyingi kwenye kiti changu nikachimba nao, kwa sababu mtu anayekaa juu ya mashine mchana kutwa husahau udongo una uzito gani.

Halafu kuna bariyeri ya mvua. Huo ni mti mrefu unaolazwa kuvuka barabara, na mlinzi anaishi kando yake. Mvua ikianza, anaushusha, na gari halipiti mpaka udongo ukauke. Lori moja la samaki likipita kwenye udongo uliolowa linachimba mifereji miwili, na kazi ya juma zima imekwenda. Madereva wa Kasenyi walitutukana kwa ajili ya bariyeri hizo. Samaki walikuwa wanaanza kunuka, nao wamesimama wakitazama mti. Niliwaelewa, lakini sikuwahi kumwambia mlinzi auinue.

Veronika, mke wangu, alikuja na lori la mahindi akiwa na mkeka, kinu kidogo na kuku watatu waliofungwa miguu. Nilikuwa nimetayarisha maelezo. Nilitaka kumwambia kwamba ni kwa muda tu, kwamba mwakani tutatafuta kiwanja. Hakunipa nafasi. Aliizunguka ruloti, akapiga gurudumu teke, akachungulia ndani.

“Inalala pahali pamoja siku ngapi?” aliuliza.

“Juma moja. Pengine mbili.”

“Na weye unalala humu?”

“Ndiyo.”

“Basi hata mi nalala humu. Fungua dirisha, inanuka.”

Yalikuwa hayo tu. Kufika jioni panya walikuwa wamehama, na kuku walikuwa wamepata tundu lao chini ya sakafu, kati ya magurudumu, ambako walisafiri nasi miaka yote wakilalamika kidogo kuliko abiria wengi ninaowajua.

Sasa nisikilizeni kuhusu maisha ya mshahara mmoja. Mshahara wa Serikali ulikuwa umekaa palepale huku bei ya chumvi, sabuni na mafuta ikipanda kila tulipofika sokoni. Wenzangu waliokaa mjini walilia, nami nilikuwa na kipato kama chao. Lakini Veronika alikuwa ameona jambo. Tulikuwa tunapita njia moja kwenda na kurudi, tunalala vituo vilevile. Kando ya barabara kuna ukanda wa ardhi ya Serikali ambao sisi wenyewe tuliufyeka. Kila tulipolala, alikwenda kwanza kumsalimu mke wa mkubwa wa kijiji, akaomba ruhusa, kisha akalima kipande kidogo na kupanda mchicha tunaouita lenga-lenga, maharagwe au viazi vitamu. Tulipokuwa tukienda alipanda, tulipokuwa tukirudi alivuna. Wenyeji walipalilia na kula sehemu yao, na kila mtu aliona ni haki. Alikuwa na mashamba toka Bunia mpaka ziwani, na hakuwa na hata moja.

Kodi ya nyumba hatukulipa. Ua hatukujenga. Na mtu anayehama kila juma hakopwi kirahisi. Ndugu waliokuja na shida za kuazima waliambiwa tuko Bogoro, wakifika Bogoro wakaambiwa tumeteremka, na kuteremka mlima ule kwa miguu kunapunguza shida nyingi.

Kaka yangu mkubwa Uringi, ambaye kwa heshima nilimwita yaya, alikuwa na parseli katika mtaa wa Ngezi, nyumba ya matofali na ua wa miti iliyokatwa vizuri. Alikuwa karani kwa mfanyabiashara wa kahawa, mtu mwema, mwenye heshima, na hakunielewa hata siku moja. Kwake yeye mwanamume ni parseli. Kila tulipopita Bunia kuchukua mafuta na vipuri alinialika kula, na kila mara, kabla sijanawa mikono, alianza.

“Weye unazeeka juu ya mapira ya ruloti,” alisema. “Mutu anakutafuta, anamukuta wapi?”

“Anafuata barabara, yaya. Iko moja tu.”

“Na Veronika? Muliuliza kama anapenda?”

“Muulize, iko pale.”

Hakumuuliza. Aliogopa jibu, na alikuwa na haki ya kuliogopa.

Mungu hakutupa mtoto. Nalisema hili bila kulizungushia maneno, kwa sababu lilisemwa sana nyuma ya migongo yetu. Watu waliojua kila kitu walisema ni mtikiso wa ruloti unaoharibu tumbo, na yaya alifika mahali pa kunitafutia mwanamke mwingine, wa kumweka Ngezi, Veronika abaki barabarani kama anapenda barabara. Nilikasirika mpaka nikashindwa kumaliza chakula chake. Tulilia siye wawili, katika chumba chetu, na tulipomaliza kulia tulikuwa bado siye wawili. Tangu siku hiyo nilifahamu kitu ninachokilinda. Haikuwa kazi, maana niveleuse zipo nyingi duniani. Ilikuwa chumba kile ambamo hakuna mtu aliyeweza kuingia kati yetu.

Nilihamishwa mara kadhaa. Tulifanya kazi barabara ya Komanda, mahali msitu unapoanza na jua halikaushi kitu, chini ya Shefu mwingine ambaye alisali rozari kila asubuhi na kuiba mafuta kila jioni. Tulifanya barabara ya Djugu mpaka Mahagi, yenye baridi na vilima, ambako Veronika alipanda kabichi na baba mkwe akaja kuitazama ruloti kwa macho yake. Aliketi kitandani, akanywa chai, akakubali kwamba paa halivuji. Sikutaka sifa zaidi ya hiyo. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya themanini, tulirudishwa barabara yetu ya Kasenyi, na hapo ndipo alipotukuta Kondikteri.

Kondikteri wa kazi ni yule aliye juu ya mashefu wote wa brigadi, chini ya Enjenyere, mhandisi mkuu. Huyu alikuwa ametumwa kutoka Kisangani. Nilikuwa tayari kumchukia, lakini alikuwa mchapakazi. Alitembea mitaro kwa miguu, hakuuza mafuta, hakupokea samaki wa bure. Mtu mbaya unaweza kumzungusha. Huyu alikuwa mnyofu, na alikuwa na waraka mkononi.

Mahali fulani, katika brigadi ya mbali, mama mmoja alivunjika mguu ndani ya ruloti iliyokuwa inavutwa. Kwa hiyo wakubwa waliandika kwamba mtu asiye wa huduma asilale wala kukaa ndani ya ruloti. Kondikteri aliniita gerejini kunisomea, akianza na sitwayen, yaani mwananchi, kama tulivyoagizwa kuitana enzi hizo.

“Sitwayen Ukumu, ruloti iko ya kazi. Haiko ya jamaa.”

“Mi niko wa kazi, Sitwayen Kondikteri. Na bibi iko wangu.”

“Bibi yako hana namba ya huduma.”

“Hana. Lakini mi nikikaa miezi bila yeye, hata mi sitakuwa na maana kwa huduma.”

“Tutakupa chumba kambini, hapa Bunia. Bibi atakaa mule, utamuona kila mwisho wa mwezi. Wengine wanafanya vile.”

“Wengine ni wengine.”

Alinitazama bila hasira. “Mi sikuandika hii waraka,” alisema. “Lakini nitaufuata, na weye utaufuata.”

Nilirudi Bogoro, ambako ruloti ilikuwa imeegeshwa karibu na bariyeri, nikiwa nimeamua kuacha kazi. Nilimwambia Veronika tukusanye vitu. Alikuwa anachambua maharagwe na hakuacha kuchambua.

“Waraka unasema ginsi gani? Sema vile ilivyo.”

“Mutu asiye wa huduma asilale ndani ya ruloti.”

“Ndani.”

“Ndiyo, ndani.”

“Basi sitalala ndani,” alisema. “Leta bashi.”

Bashi ni turubai la lori. Tulilifunga juu ya miti, hatua chache kutoka mlangoni mwa ruloti, tukatoa mkeka, sufuria na godoro. Ngabu, mlinzi wa bariyeri, mtu wa maneno machache, alituletea nyasi kavu za kutandika chini bila kuuliza. Veronika alifagia ruloti, akafunga madirisha, akaweka kufuli mlangoni na kunipa ufunguo.

“Weye uko wa huduma,” alisema. “Kama unapenda, kalale mule.”

Nililala chini ya bashi. Siku ya pili vilevile, na majuma yaliyofuata vilevile. Tulipohama, ruloti ilivutwa ikiwa imefungwa, tupu, safi, na Veronika alipanda kwenye lori la kawaida la abiria akilipa nauli yake kwa mboga. Tulipofika kituoni tulifunga bashi tena kando yake. Ulikuwa waraka uliofuatwa mpaka nukta ya mwisho. Nyumba ya Serikali ililala peke yake kila siku, na dereva wa Serikali alilala chini na mkewe mbele ya macho ya kila mpita njia.

Watu waliona. Akina mama wa soko la Bogoro walisimama na kutuuliza tumefanya kosa gani. Veronika aliwajibu kwa upole kwamba hakuna kosa, ni mpango mpya wa wakubwa. Madereva wa samaki walipeleka habari Kasenyi, wakairudisha Bunia ikiwa imenona. Yaya alinitumia mtu kuniambia kwamba sasa nimeiaibisha familia kabisa, na kwamba chumba cha nyuma cha parseli kiko wazi. Nilimwambia yule mtu arudi na salamu zangu nyingi.

Sitadai ilikuwa raha. Mgongo wangu uliuma, Veronika alikohoa. Nilimwomba tuchukue kile chumba cha kambi, angalau mpaka mvua zipite. Aliniambia kwamba mwanamke akishakubali kuwekwa mahali na kutembelewa mwisho wa mwezi, hakuna mvua inayopita. Sikuomba tena.

Alasiri moja Kondikteri alikuwa ameteremka kukagua mlima wa Kasenyi. Alipokuwa anapanda kurudi, mvua kubwa ilimkuta karibu na Bogoro. Landirova yake ilifika kwenye bariyeri wakati Ngabu ameshika kamba, mti uko nusu. Ngabu aliganda. Kumfungia mkubwa wa barabara njia yake mwenyewe halikuwa jambo ambalo mtu alimfundisha.

Kondikteri alitoa kichwa dirishani. “Juu ya nini unanitazama? Shusha.”

“Sitwayen Kondikteri, weye si unaweza kupita?”

“Mi nikipita, kamyo yote ya samaki itapita. Shusha.”

Mti ulishuka mbele ya gari lake. Mimi nilikuwa natazama kutoka chini ya bashi, na nakiri kwamba nilimheshimu siku hiyo kuliko nilivyotaka.

Mvua haikuonyesha dalili ya kuisha. Alitufuata akikimbia, kitabu cha kazi juu ya kichwa. Veronika alikuwa anapika samaki kwa lenga-lenga, moshi umejaa bashi yote.

“Karibu, Sitwayen Kondikteri,” alisema. “Kiti iko moja, kaa.”

Alikaa. Alitazama godoro letu, akatazama ruloti, akaona kufuli.

“Muko nje na hii mvua?”

“Ni waraka,” nilisema.

“Waraka unasema bibi. Haukusema weye.”

“Mi na bibi tuko kitu moja. Padri ndiye alisema, haikuwa mi.”

Alisogeza kiti karibu na moto. Veronika alimpa ugali na samaki, akala kama mtu aliyekuwa na njaa tangu Kisangani. Giza lilipoingia na mvua bado inapiga, nilitoa ufunguo, nikamwekea mkononi. Nilimwambia yeye ni wa huduma, kitanda cha Serikali ni kikavu, na shuka Veronika amelifua. Alisita, lakini alikwenda, na tukasikia mlango wa chumba chetu ukifungwa na mtu mwingine.

Asubuhi bariyeri ilikuwa bado imeshuka. Kondikteri alitoka akiwa na macho mekundu. Alipokea chai, akaizungusha kikombeni muda mrefu.

“Jana mulikuwa munacheka,” alisema. “Bashi inavuja, na mulikuwa munacheka. Mulicheka nini?”

“Tulishasahau,” alijibu Veronika.

“Bibi yangu iko Kisangani,” alisema. “Tangu walinituma huku. Walisema nyumba itapatikana, ningoje.” Alikunywa chai. “Ile ruloti yenu, mutu akiwa mule peke yake, inakuwa kubwa mubaya.”

Nilimhurumia kwa kweli. Hata hivyo sikumwambia neno la kumfariji, kwa sababu shingo yangu ilikuwa imelowa na sababu yake ilikuwa yeye.

Alisimama, akakung’uta suruali. “Waraka sitaupasua,” alisema. “Si wangu. Lakini mi sipendi kufikia watu bila kubisha. Tangu leo, nikikuja, nitapiga honi pale kwenye kona, kwenye ile mikaratusi. Anayekuwa ndani na hana namba, atakuwa na nafasi ya kutoka.”

“Aksanti,” alisema Veronika.

Siku hiyohiyo tulirudisha godoro ndani. Majuma machache baadaye tulisikia honi kutoka kwenye kona, mara tatu, ndefu. Nilikuwa nje natia grisi kwenye kisu. Nilimwita Veronika kwa haraka atoke. Kilichotokea ni kwamba dirisha la kwanza lilifunguka, kisha la pili, kisha mlango ukafunguliwa mpaka mwisho wake, na ndani yake mke wangu alikuwa ameketi kitandani, amevaa kitenge chake kizuri, anamenya viazi. Landirova ilisimama. Kondikteri alishuka, akamtazama, akanitazama, kisha akageuka na kutazama barabara kwa muda.

“Mutaro iko muzuri,” alisema.

“Aksanti, Sitwayen Kondikteri.”

Alipanda gari akaenda zake. Kwa miaka yote aliyobaki katika barabara yetu alipiga honi kwenye mikaratusi, na kwa miaka yote hiyo Veronika hakutoka. Baadaye mke wake alifika kutoka Kisangani, na tuliposikia habari hiyo tuliwapelekea kuku.

Nilistaafu miaka ya themanini ilipokuwa inaishia. Vipuri vya niveleuse vilikuwa havipatikani tena, tulikuwa tunavua bolti za mashine iliyokufa kutibu iliyo mgonjwa, na mgongo wangu mwenyewe haukuwa na bolti ya kuazima. Enjenyere aliyekuwapo wakati huo alisema maneno mazuri, nikapewa cheti na redio. Nilirudisha ruloti imeoshwa. Wiki hiyohiyo waliivua magurudumu, wakaiweka juu ya matofali gerejini iwe stoo ya rangi. Niliondoka kabla hawajamaliza.

Tulikwenda Ngezi, katika chumba cha nyuma cha yaya. Alitupokea vizuri, siwezi kumsema vibaya. Tulikuwa na kitanda, tulikuwa na majirani, na nilikuwa na pensheni ndogo isiyobadilika, ambayo mjini iliisha kabla hatujaishika. Kila kitu kilinunuliwa. Hata lenga-lenga. Veronika alinyamaza. Mwanamke aliyecheka chini ya turubai linalovuja alikaa mlangoni mwa nyumba ya matofali akitazama ua, na nilipomuuliza kama anaumwa alisema haumwi, ila kila asubuhi anaamkia mahali pale alipolala.

Karibu na Bogoro kulikuwa na trela ya zamani ya shamba la kahawa, chasi tu na magurudumu, majani yamepita katikati yake. Mwenyewe alikubali kuiachia kwa ile redio ya kustaafu. Ngabu alinisaidia na mbao. Tulijenga polepole, chumba kifupi kuliko cha kwanza, lakini nilikipa madirisha makubwa. Kuhusu kuvutwa, nilikwenda kusimama kwenye bariyeri siku ya mvua na kuwauliza madereva wa samaki, walewale walionitukana ujana wangu wote. Mmoja alicheka mpaka akashika usukani. Alisema nimemzuia njiani nusu ya maisha yake, sasa anataka kuona nami nikivutwa nyuma ya samaki wake. Hakutaka malipo. Wengine wakafuata.

Yaya alipopata habari aliita baraza la familia. Tulikaa sebuleni kwake, wajomba, shangazi, watoto wake wakubwa, na Veronika upande wa pili akiwa na mikono mapajani. Walisema yote. Kwamba nimezeeka. Kwamba pensheni yangu haitoshi hata mtu aliyetulia, sembuse wa kutangatanga. Niliwajibu kwamba haitoshi kwa mtu aliyetulia tu. Kwamba watu watasema familia imenifukuza. Niliwajibu kwamba watu walianza kusema kabla baadhi ya waliomo sebuleni hawajazaliwa. Yaya aliwaacha wamalize, kisha akasema lile alilolificha, na sauti yake haikuwa ya kugombana.

“Ukumu, mi niko mukubwa wako. Hauna mutoto. Ukifia kule njiani, nani atakuzika?”

Nilihisi hasira ikinipanda, halafu nikaona macho yake yamelowa, na nikajua kwamba miaka yote hii ya parseli na matofali alikuwa ananiuliza swali hilo moja. Nilimjibu kwa heshima, lakini nilimjibu nikiwa nimesimama.

“Yaya, toka hapa mpaka kwa ziwa, kila kijiji iko na watu nilichimba nao mitaro. Hakuna hata moja asiyejua kushika chepeo ya kuchimba.”

Yaya aliinamisha kichwa. Ndipo Veronika, ambaye hakuwa ameulizwa kitu na mtu yeyote wa familia ile tangu alipoolewa, akasimama kando yangu.

“Na wachimbe pana,” alisema. “Tutalala siye wawili.”